Masika yanakuja: mzinga ukae mtini, kwenye stendi au kibandani?

Kila mwaka mwezi wa Februari, kaskazi inapoanza kulegea, wafugaji wapya wa nyuki hunijia na swali linalofanana. Mmoja amepata mizinga miwili kupitia kikundi chao huko Micheweni, mwengine amechonga gogo kwa mkono wake, na wote wanataka jambo moja: masika yakishapita, nyuki wawe bado wamo.

Wengi wao wameshatazama video za wafugaji wa Ulaya na Marekani wakitayarisha mizinga kwa majira ya baridi. Mafunzo hayo ni mazuri kwa nchi zile. Huko nyuki hujikusanya wakawa kama tonge ndani ya mzinga, wakatetemesha misuli ya mbawa ili watoe joto, na wakala akiba yao mpaka maua yarudi. Mfugaji wa Uingereza huhesabu takriban kilo 18 hadi 20 za asali kwa kila kundi, hupunguza mlango ili panya asiingie, na wengine huuvika mzinga kitu kizito kama blanketi. Sisi baridi hiyo hatuna, hata kipupwe kikizidi. Anayeufunga mzinga kwa nailoni hapa Pemba mwezi wa Aprili anauozesha. Nyuki hupumua, na mbochi, yale maji matamu ya maua wanayoyakausha, hutoa mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea hugeuka matone, na masega ya pembeni huota ukungu.

Visiwani kundi huangushwa na maji, njaa na wadudu aina ya chungu. Tena nyuki wetu wa pwani hawangoji kufa. Wakiona mzinga umewashinda, wanahama. Unafika asubuhi, masega yapo, nyuki hawapo, asali imenyonywa yote, na nondo wa nta ameshaanza kutaga.

Mvua zenyewe si mchezo. Kwa mwaka Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 na Pemba hukaribia 1,900, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei, Aprili ikiongoza. Kwa hiyo mtu anayeanza ajiulize mapema: katika wiki zile ambazo jua linaonekana kwa saa mbili tu, mzinga wangu utakuwa umekaa wapi?

Njia ninazoziona zikitumika ni tatu: kuutundika mtini, kuuweka juu ya stendi yenye paa lake, au kuuingiza katika kibanda pamoja na mizinga mingine. Nimezijaribu zote, na kila moja imewahi kunipa asali, na kila moja imewahi kunihamisha nyuki.

Ninayoyapima

La kwanza ni maji na unyevu: je, mvua inaingia, na ikishaingia mzinga unakauka? La pili ni upepo. La tatu ni chungu, na kwa neno hili nawatia wote, siafu, maji moto na wale wadogo weusi. La nne, ambalo wageni hulisahau, ni ukaguzi: mvua ikinyesha siku tano mfululizo, unaweza kuufikia mzinga ukajua kama nyuki wana chakula? La tano ni watu na mifugo, pamoja na wizi. La sita ni gharama na kazi ya mikono.

Kwa mwenye mwaka wa kwanza, mimi la nne huliweka juu ya mengine. Mzoefu huweza kuutazama mlango wa mzinga kwa mbali akajua ndani kuna nini. Anayeanza lazima aufikie.

Kuutundika mtini

Hii ndiyo njia ya wazee, na haikudumu bila sababu.

Kwa maji, matawi hukinga manyunyu lakini hayakingi mvua ya Aprili. Tena mti huendelea kudondosha matone muda mrefu baada ya mawingu kuondoka. Gogo lenye ukuta mnene humudu. Mzinga wa mbao za msumeno haumudu bila kipande cha bati juu yake, kilichotokeza kiganja kizima kila upande na kufungwa kwa waya. Faida yake ni hewa: mzinga ulioning'inia hupigwa na upepo pande zote, jua likitoka tu unakauka. Uinamishe kidogo upande wa mlango, maji yaliyoingia yapate kutoka yenyewe.

Upepo ndio udhaifu wake. Vimbunga kwetu ni nadra, ingawa havikosekani: cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Mei 2024 sote tuliingiwa na hofu Hidaya ilipopita pwani yetu ya kusini. Lakini kusi ya kawaida tu inatosha kuuyumbisha mzinga mpaka sega jipya, laini na zito, likakatika na kuwafunika nyuki. Utundike kwa waya mbili, moja kila ncha, kisha ya tatu ifungwe chini kwenye shina ili kuzuia kuyumba. Mnazi usiuguse kabisa. Nazi moja au kuti moja likidondoka usiku, umepoteza mzinga, na asubuhi watu wa chini yake watakimbizwa.

Kwenye chungu pana jambo la kwetu hasa. Miembe, michungwa, minazi na mikarafuu ni makaazi ya maji moto, wale wekundu wanaoshona majani wakayafanya nyumba. Mkulima anawapenda, na ana haki, maana huwafukuza wadudu wanaonyonya vidaka vikapukutika kabla ya kuwa madafu. Basi usiwaue. Pia usitumie dawa ya kupulizia karibu na mzinga, kwa sababu itawaua nyuki kabla yao. Chagua mti ambao hawajaujenga, halafu pakaza grisi nzito kwenye waya, upana wa shibiri moja, chini kidogo ya tawi. Mvua haiiondoi grisi upesi, ila vumbi na majani huganda juu yake yakawa daraja, kwa hiyo kila wiki mbili ipakwe upya. Na tawi lolote linalogusa mzinga likatwe. Jani moja tu linatosha kuwapitisha.

Ukaguzi ndipo njia hii inapowashinda wageni. Ngazi juu ya tope, mzinga ambao ukijaa huweza kupita kilo 30, bomba la moshi mkono mmoja, na nyuki ambao wana hasira kwa sababu mvua imewafungia ndani. Mimi sikushauri mtu wa mwaka wa kwanza apande peke yake wakati wa masika. Kumlisha nyuki aliye juu ya mti pia ni kazi ngumu.

Kwa watu na mifugo njia hii inaongoza. Nyuki huruka juu ya vichwa, mbuzi aliyefungwa chini hapati taabu, na mwizi wa asali hufikiri mara mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko zote: waya, grisi, kipande cha bati na msaidizi wa siku moja.

Inamfaa mwenye shamba la miti mikubwa, au aliye jirani na msitu kama Ngezi au Jozani na amepata ruhusa ya wanaohusika na msitu pamoja na kijiji. Inamfaa pia mwenye mizinga ya magogo, ambayo hata ikiwa chini haifunguliwi mara kwa mara.

Stendi yenye paa lake

Hapa ndipo wengi wanapoanzia, na hapa ndipo nimeona makosa mengi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Stendi ni miguu minne ya mvinje au chuma, kimo cha kiunoni, mzinga juu yake na paa dogo juu ya mzinga. Kwa maji, kila kitu kinategemea paa. Bati ni rahisi na halivuji, lakini halipaswi kulala moja kwa moja juu ya mzinga: acha nafasi ya vidole vinne, hewa ipite, la sivyo kiangazi mzinga utapikwa na masika matone yatajikusanya chini ya bati. Makuti ni baridi zaidi na nyuki huyapenda, ila yawe mapya na yamefumwa karibu karibu. Makuti ya miaka mitatu iliyopita yanavuja, na ndani yake wamo mende na mijusi. Lolote utakalochagua, lipite mlango wa mzinga kwa urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mvua yetu haianguki wima, inasukumwa na upepo. Mlango nauelekeza magharibi. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, hivyo ukitazama magharibi mzinga umezipa zote mbili mgongo. Jua la alasiri litapiga mlangoni, kwa hiyo panda migomba au acha kivuli cha mti upande huo, isiwe karibu sana na njia ya kurukia.

Miguu ya stendi huzama udongo ukilowa. Mwaka mmoja niliukuta mzinga umeinama upande wa nyuma, mlango umeelekea mbinguni, na ndani maji ya kunawia mikono yamekusanyika. Tangu hapo kila mguu naukalisha juu ya jiwe bapa. Kule kwenye ardhi ya maweni, kama Makunduchi au upande wa Kiuyu, shida hiyo haipo. Huko shida ni kupata mahali pa sawasawa. Mchwa nao hula miguu ya mti kwa chini bila wewe kuona, basi itikise kila unapokwenda.

Kwa upepo stendi iko salama, mradi paa limefungwa kwa waya kwenye miguu yenyewe. Jiwe juu ya bati halitoshi.

Sasa chungu. Kila mfundishaji husema weka miguu ndani ya makopo yenye oili chafu. Ni kweli kwa kiangazi. Kwa masika fikiri kidogo: oili huelea juu ya maji. Mvua ikijaza kopo, oili yote hupanda, humwagika pembeni, na kopo hubaki na maji matupu ambayo jani moja likielea siafu wanavuka. Nilijifunza hilo usiku wa mwezi wa Mei. Nilisikia mvumo wa mzinga ukiwa mkali kuliko kawaida, nikatoka na tochi, na mguu mmoja wa stendi ulikuwa mweusi kuanzia chini hadi juu, unatembea. Asubuhi kulibaki vichwa vya nyuki na masega yaliyotolewa majana yote, yaani watoto wa nyuki. Dawa yake ni kukifunika kila kopo kwa kofia: kitako cha chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa, au bakuli bovu lililotobolewa katikati, mguu ukapita, na tundu likazibwa kwa nta au lami. Au acha makopo, pakaza grisi sehemu ya juu ya mguu, chini ya mzinga, pasipofikiwa na mvua. Jivu linafaa ardhi ikiwa kavu; likilowa halizuii kitu.

Na majani. Masika hakuna kinachokua kwa kasi kama majani. Ukilima leo, wiki mbili baadaye yamefika kwenye mzinga na kila unyasi ni ngazi. Atakayechagua stendi amechagua pia kufyeka, kila wiki, hata kukiwa na tope, tena kwa panga au mundu na mapema asubuhi, maana mashine ya kufyekea huwachokoza nyuki.

Upande wa ukaguzi stendi inaongoza kwa mtu anayeanza. Unainua mzinga nyuma kwa mkono mmoja ukapima uzito bila kufungua. Unatazama mlango. Mvua ikikatika mchana kwa nusu saa unafungua kiunzi kimoja au viwili, vile vipande vya mbao vinavyoshika masega, unafunga. Unaweza kuweka sharubati ya sukari bila ngazi na bila kumwita mtu.

Kwa watu na mifugo inashika mkia. Nyuki wanaruka kimo cha uso wa mtu. Ng'ombe huja kujikuna kwenye stendi na kuiangusha, naye kwa kuwa amefungwa hawezi kukimbia. Nataka mita 200 au zaidi kutoka nyumba, skuli na njia ya watu, na kama kiwanja hakiruhusu, basi uwepo ua mrefu wa miti upande wa mlango, uwalazimishe nyuki kupanda juu kabla ya kuvuka. Wizi ni rahisi pia. Gharama ni ya kati, lakini kazi ya kila wiki ndiyo kubwa kuliko njia zote.

Inamfaa mwenye mizinga miwili hadi mitano, anayeishi au kulima karibu, na ambaye anataka kujifunza nyuki wenyewe kwa macho.

Kibanda cha nyuki

Kibanda ni chumba chenye paa, kuta za nusu au za wavu wa waya, na ndani rafu za mizinga. Kila mzinga mdomo wake umeungana na tundu ukutani, nyuki wanatokea nje na mfugaji anafanya kazi ndani.

Kwa maji hakuna kinachokishinda, ukiezeka vizuri. Lakini unyevu ni jambo jengine. Kibanda kilichozibwa kuta zote kwa matofali au mabati kinabaki na hewa nzito tangu Machi mpaka Juni, na ukungu huingia taratibu. Sehemu ya juu ya ukuta iachwe wazi na kuwekwa wavu, pande mbili zinazotazamana. Asali isiyofunikwa hunyonya maji ya hewani, na asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha. Mfugaji anayehifadhi ndoo zake humo humo ajue hilo.

Upepo haukisumbui kikijengwa imara. Chungu hapa ni kucheza pata potea. Kukilinda ni rahisi, kwa sababu nguzo unazozilinda ni chache na makopo yako chini ya paa, mvua haiyajazi. Lakini siafu wakishapenya, wanakuta mizinga kumi imepangwa bega kwa bega. Nondo wa nta na mende wadogo wa mzinga nao huhama kutoka kundi dhaifu kwenda lenye nguvu bila safari ndefu. Mzinga uliohamwa ukiachwa kwenye rafu wiki tatu unakuwa kitalu cha nondo. Utoe siku hiyo hiyo, masega yayeyushwe nta.

Kwa ukaguzi, ni raha ambayo mtu wa stendi huionea wivu: mvua inanyesha, nawe ndani umefungua mzinga, mkavu. Nyuki wanaoruka hukimbilia mwanga wa wavu badala ya kukuzunguka kichwani. Hata hivyo ukiuudhi mzinga mmoja, jirani zake husikia harufu ya hasira na kuamka. Kulisha kunahitaji uangalifu zaidi hapa kuliko kwengine kokote: tone la sukari likimwagika sakafuni, makundi yenye nguvu huanza kuyaibia manyonge, na wizi wa nyuki kwa nyuki ukianza hauzuiliki kwa saa kadhaa. Paka rangi tofauti kuzunguka kila tundu, samawati, nyeupe, manjano, ili nyuki anayerudi katika mvua asikosee mlango.

Watu na mifugo wako salama kiasi, na kufuli mlangoni inapunguza wezi. Gharama ndiyo inayokatisha tamaa. Nguzo, paa, wavu, rafu na fundi wa siku kadhaa, yote kabla hujaona tone la asali. Tena kuna suala la malisho: mizinga kumi na mitano mahali pamoja inataka maua ya mahali pamoja, na wakati wa masika maua yanayofikika ni machache.

Kinafaa kikundi, skuli yenye shamba, au mtu ambaye ameshapitisha masika mawili na sasa anaongeza mizinga. Sijaona kikimfaa mwenye mzinga mmoja.

Mzinga wenyewe ni wa aina gani

Hili linabadilisha hesabu. Gogo linakinga joto na mvua kuliko yote, lakini ndani yake huoni kitu, kwa hiyo kuliweka kwenye stendi ili ulikague ni kujisumbua. Mzinga wa viunzi, lile sanduku refu lenye vipande vya mbao vya milimita 32 vilivyopangwa juu, unakaa vizuri mahali popote. Angalia tu viunzi vigusane, maana mbao zikivimba na kusinyaa huacha nyufa ambazo chungu wanazijua. Langstroth, mzinga wa fremu ambao asili yake ni Marekani, una sanduku juu ya sanduku, na kila kiungo ni mahali maji yanaweza kupenya. Kuutundika mtini sikushauri. Wakati wa masika ondoa masanduku ya juu yasiyo na nyuki: nafasi tupu ambayo kundi haliwezi kuilinda ni zawadi kwa nondo.

Chakula: kubakisha asali au kutoa sukari

Popote utakapouweka, njaa itaufuata, na hapa pia watu hukwama baina ya njia mbili.

Kubakisha asali ni bora kwa nyuki. Tayari imekaushwa, imefunikwa, ipo pale wanapoihitaji, na chavua iko jirani. Kasoro yake ni mfukoni. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, watu wanaulizia asali kila siku, na mkono unavutika kurina mpaka sega la mwisho wiki chache tu kabla ya mvua. Nimeona makundi mengi yakihama Aprili ambayo wenyewe waliyauza Machi bila kujua. Katika mzinga wa viunzi mimi huacha masega matano yenye asali iliyofunikwa. Sipungui hapo hata mnunuzi akiwa amesimama mlangoni.

Sukari inafaa kundi jipya ambalo halikuwahi kuweka akiba, au ambalo mvua imelifungia ndani kwa muda mrefu. Iwe nyeupe. Sukari guru na molasi huharibu matumbo ya nyuki waliofungiwa. Kwa kuwatia nguvu, changanya kipimo kimoja cha sukari na kimoja cha maji. Wakihitaji kuweka akiba, viwili vya sukari kwa kimoja cha maji. Weka ndani ya mzinga jioni, katika chupa iliyopinduliwa yenye matundu madogo au sahani yenye vijiti vya kusimamia. Asali ya dukani usiwape, inaweza kubeba ugonjwa wa majana. Na wakati unalisha, usirine asali ya kuuza. Itakuwa na sukari yako ndani yake, na mteja amelipia maua.

Mnazi unachanua mwaka mzima, kwa hiyo mwenye minazi ana unafuu kidogo siku jua likitoka. Aliye kati ya mikarafuu asidanganyike na wingi wa miti: karafuu huchumwa ikiwa bado tumba lililofumba, na kinachobaki kwa nyuki ni yale maua tu yaliyoukwepa mkono wa mchumaji. Walio karibu na mikandaa wana bahati nyengine, maana mchu, mmoja kati ya miti hiyo, una ua zuri la asali.

Uchague lipi kwa hali yako

Kama una mzinga mmoja au miwili, unaishi karibu, na kiwanja kina umbali wa kutosha na watu, anza na stendi. Ifikapo katikati ya Machi paa liwe limefungwa, makopo yamevaa kofia, na asubuhi moja kwa wiki umeiweka pembeni kwa kufyeka. Ukijua kwamba asubuhi hiyo hutaipata, kwa sababu unafanya kazi Mjini na unarudi Ijumaa tu, basi stendi haitakusamehe, tundika.

Kama shamba lako limezungukwa na nyumba, au mifugo hupita hapo kila siku, tundika vilevile, tafuta mtu wa kupanda naye, na umuarifu sheha na majirani kabla nyuki hawajaingia. Bakisha asali nyingi zaidi kuliko mwenye stendi, kwa sababu kulisha juu huko ni shida.

Kama mmejiunga watu kumi na mna fedha ya kuanzia, kibanda kinaweza kuwa chenu, lakini mwaka wa kwanza kiwekeni mizinga minne au mitano tu, na kila mmoja awe na siku yake ya zamu ya kukagua nguzo na makopo. Kibanda cha watu kumi kisicho na zamu huwa cha siafu.

Kama una magogo na wazee wanaojua kuyatundika, usiyashushe kwa kuwa video imekuonesha masanduku. Ongeza bati, ongeza grisi, na mzinga mmoja wa viunzi uweke kwenye stendi kando ya nyumba ya shamba uwe wa kujifunzia.

Na kama ni mwisho wa Machi tayari, wingu limeshajaa na nyuki wako wamo mahali pabaya, usiwahamishe usiku wa mvua kwa papara. Waache hapo hapo, ezeka juu yao hata kwa makuti manne, inamisha mzinga kuelekea mlangoni, pakaza grisi, wape sukari jioni. Kuhamia mahali pazuri kutasubiri kipupwe, mwezi wa Juni, ardhi ikishakauka.